Wewe Ulisema Macho, Mimi Nikasema Vitufe

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, mwezi wa tatu.

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa zangu nao, bado wanakusikiliza au wameshaanza kukujibu? Na ule mgongo uliokuwa unakusumbua tangu uanze zamu za kusimama, umepoa? Nakuuliza haya kwa moyo, si kwa kujaza karatasi, ingawa leo ningefurahi kuuliza hali mpaka karatasi iishe nisiifikie habari yenyewe.

Huku wifi yako hajambo. Mwanetu ameota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila anayemsogelea, hasa mimi. Paa la jikoni halivuji tena. Baba anakula vizuri, anacheka, na sauti yake bado inafika kwa majirani. Kwa desturi hapa ningeandika kwamba sote tu wazima. Niliuandika mstari huo kwenye karatasi ya kwanza, nikaichana.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeshindwa kwa simu, dada. Nimekupigia nikiwa na nia ya kusema, nikaishia kukuuliza kama huko kuna baridi. Unanijua, kwenye simu mimi hujificha ndani ya utani. Karatasi haichekeshwi, nimeona afadhali hiyo.

Kisa chote kimeanzia kwenye ile kompyuta mpakato uliyomtumia Baba. Ilikuwa imechoka. Unaiwasha, unakwenda kuoga, unarudi unakuta bado inazungusha kile kiduara chake. Sasa mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi nzima ya maji, mzazi wangu ateseke kwa nini? Nikaufuta mfumo wa zamani wa kuiendesha, nikaiwekea mwingine wa bure, wa ukoo wa Unix, ambao sisi mafundi huusifia kama watu wanavyosifia wachumba. Kompyuta ikarudi ujanani. Baba akarejea kwenye ramani zake za nyumba, na mimi nikawa natembea kifua mbele.

Unajua Baba bila ramani si Baba. Tangu enzi zile za ofisini, wachora ramani wenzake wakimwita Milimita kwa sababu aliweza kuona kosa dogo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani hali yeye bado yuko mlangoni, hajavua hata koti, jina hilo halijamtoka. Mafundi wa ujenzi wa mtaani humu humwita Mzee Milimita mpaka leo. Na safari hii ramani aliyokuwa akiichora haikuwa ya jirani. Ilikuwa ya chumba chako. Anataka kuongeza chumba upande wa nyuma, chenye ngazi zake, ili mkija likizo msirundikane sebuleni. Aliniambia nisikwambie, alitaka iwe mshangao. Nimeshaharibu na hilo.

Basi, mfumo mpya ulikuwa na kasoro moja. Ile safu ya juu ya vitufe, vya kuongeza na kupunguza sauti na mwanga, iligoma. Ukibonyeza cha sauti, kimya. Ukibonyeza kile chenye picha ya jua, cha mwanga, kimya vilevile. Hata kuburuta kipimo cha mwanga kwa kipanya hakukusaidia. Skrini ikawa imekwama kwenye mwanga hafifu, na Baba akaanza kulalamika kwamba kuna giza. Nikamfungulia mapazia, akasema giza. Nikamhamishia meza dirishani, akasema afadhali kidogo, lakini giza.

Mimi nilikuwa naisoma skrini hiyohiyo bila shida. Wifi yako naye alikuwa anaisoma huku amebeba mtoto. Hilo peke yake lingetosha kunizindua. Halikunizindua.

Ndipo ulipotupigia kwa video. Unakumbuka. Baba akakaa mbele ya kompyuta amejaa furaha, anakusimulia habari za jirani na mbwa wake, na wewe ukamkatiza ukaniita. Ukasema, "Mbona Baba anaongea na ukuta? Haniangalii mimi. Mpeleke akapimwe macho." Na mimi nikakucheka. Nikakwambia, "Dada, ukikaa mbali kila kikohozi unakifanya kifua kikuu. Ni vitufe tu hivi, niachie mimi." Ukasema tu, "Haya, fundi."

Tangu siku ile hukuuliza tena. Nilijua nimekuumiza, lakini nilijiambia nitakuomba radhi vitufe vikishafanya kazi, maana hapo utakuwa umeona mwenyewe nani alikuwa sahihi. Ona akili yangu ilivyokuwa.

Nikavivalia njuga vile vitufe. Kuna programu ndogo ambayo ukibonyeza kitufe inakuandikia jina la kitufe ilichokisikia. Vya sauti vikajitaja. Kumbe mfumo ulikuwa unavisikia, ila hakuna aliyeuambia ufanye nini ukivisikia, hivyo nikavimaliza palepale. Vya mwanga havikutoa neno. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nikasoma mtandaoni ushauri wa mafundi wa dunia nzima, nikajaribu huu, nikajaribu ule, na kila nilipopiga hatua nilitangaza kwenye kundi letu la simu. Binamu zetu wakawa wananimwagia pongezi. Nikazipenda. Nikasahau kwamba kazi yenyewe nilikuwa naifanya kwa ajili ya mtu, na mtu huyo alikuwa amekaa pembeni yangu.

Sasa nafika kwenye sehemu niliyotamani kuiruka.

Jioni moja nilikuwa napakua faili kubwa la kurekebishia, Baba yuko mbele ya kibodi. Nikamwomba abonyeze kitufe cha jua, niangalie kama mfumo utasikia. Akabonyeza cha pembeni yake, chenye picha ya ndege, kile kinachokata intaneti. Faili likakatika njiani. Nikaanza upya, nikamwonyesha tena, akabonyeza kilekile cha ndege. Nikamwambia kwa ukali, "Chenye jua, Baba! Jua hilo hapo! Kwani huna macho?"

Dada, nilimwambia Baba maneno hayo. Kwa sauti. Wifi yako alikuwa jikoni, akazima bomba la maji ili asikie kama amesikia sawasawa.

Mkono wa Baba ukabaki hewani juu ya kibodi. Hakukasirika. Alisema tu, "Ninayo," kwa sauti ndogo kama ya mwanafunzi, kisha akaukunja mkono akauweka mapajani. Na mimi nikaendelea na faili langu.

Nilikuja kushinda, kama unataka kujua. Kompyuta ile ilikuwa na wasimamizi wawili wa mwanga, kila mmoja akimtegea mwenzake. Dawa yake ikawa mstari mmoja mfupi niliouongeza kwenye faili ambalo kompyuta hulisoma inapoamka, kuiambia imtii yupi. Mstari mmoja tu! Nikaiwasha upya Jumamosi asubuhi, nikabonyeza kitufe cha jua, na mwanga ukapanda. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Nikaifungua ramani ya Baba, nikawaita wote. Baba akaja akipapasa mgongo wa kiti, jambo ambalo kumbe alikuwa akilifanya siku zote nami nalitazama tu. Nikabonyeza, nikabonyeza, mwanga ukaongezeka hadi wifi yako akajikinga uso kwa kiganja. "Punguza bwana, unatupofua!" akasema akicheka.

Baba akasema, "Ongeza kidogo."

"Imefika mwisho, Baba."

Akasogeza uso karibu na skrini. Kisha uso wake ukabadilika, akatabasamu, akaniambia, "Ahaa. Hapo sawa. Sasa naona."

Kwa furaha yangu nikataka kumwonyesha tena, nishushe na kupandisha. Kidole kikateleza kwenye kitufe jirani, kinachoficha kila kitu kilichofunguliwa. Ramani ikatoweka. Ikabaki skrini tupu, nyeupe, inang'aa. Kabla sijairudisha, Baba alikuwa ameshasogeza kiti na kunyoosha kidole.

"Tazama," akasema. "Mlango huu hapa. Hapa dirisha la chumba cha dada yako, litapata hewa ya asubuhi. Na hapa ngazi zinaanza. Mistari yote imekaa wima sasa. Umefanya kazi, mwanangu."

Hapakuwa na mlango, dada. Hapakuwa na dirisha wala ngazi. Kidole cha Baba kilikuwa kinatembea juu ya weupe mtupu, taratibu, kwa uhakika, na uso wake umenigeukia mimi, anasubiri nifurahi.

Wifi yako aliniangalia. Ungedhani hapo nilipiga magoti, au nilimkumbatia. Nilisema, "Asante, Baba," nikatoka nje kama mtu aliyesahau kitu. Nikasimama penye kamba ya nguo, nimeshika shati bichi, na sauti yangu mwenyewe inaniuliza kwani huna macho, kwani huna macho.

Wifi yako ndiye aliyefanya kazi yangu. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia. Alimpakatisha Baba mjukuu wake, akavuta kiti, akamuuliza bila kuzunguka, "Baba, tangu lini?"

"Tangu lini nini, mwanangu?"

"Tangu lini huoni?"

Nilimsikia mtoto anacheza na vifungo vya shati la babu yake. Kisha Baba akasema tatizo lilianza zamani kidogo, pembeni pembeni kwanza, kama mtu anayemfungia pazia polepole. Alidhani ni uzee. Halafu akaogopa. "Watu wote wananijua kwa macho yangu," akasema. "Yakiondoka nitawaambia mimi ni nani? Kijana aliponiletea habari ya vitufe nilishusha pumzi. Nikapata kitu cha kusingizia. Niliomba visipone upesi."

Ndiyo hivyo, dada. Nilikuwa nimemjengea Baba maficho, halafu nikajisifia ujenzi.

Jumatatu sikwenda kazini, nikampeleka hospitali. Ile njia ya kutoka kituoni hadi getini alinishika kiwiko, na mimi nikaona jinsi anavyoinua mguu juu sana mahali pasipo na kitu, na kutouinua penye ukingo. Tulipokuwa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, nikasema nisije nikaghairi.

"Baba, lile neno nililokwambia siku ile. Unisamehe."

"Neno gani?"

"La macho."

"Ah, lile." Akacheka kidogo. "Nilidhani umeshanigundua. Moyo ulinienda mbio! Nilipoona umerudi kwenye kompyuta yako, nikajua niko salama."

Ningeona nafuu kama angenizaba kofi.

Walimkalisha mbele ya mashine kama bakuli kubwa, akaingiza uso ndani, wakampa kitufe kimoja cha kushika. Akiona nukta ya mwanga abonyeze. Mimi nikawekwa kwenye stuli nyuma yake. Mhudumu alinieleza kwamba nukta zinawaka mfululizo, huku na kule, hazikomi. Nikasikiliza kitufe. Kimya. Kimya. Mlio mmoja. Kisha kimya kirefu, na mgongo wa Baba umenyooka kama wa mtu anayefanya mtihani na hataki kuonekana kwamba hajui jibu.

Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limebaki na vivuli tu. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hata hapo katikati pamefifia. Daktari ni mama wa makamo, anaongea harakaharaka lakini anamshika mgonjwa bega. Alisema kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote, na mwezi ujao watamfanyia upasuaji mdogo wa kupunguza presha ili hicho kilichobaki kisiondoke. Nikamuuliza kama tungekuja mapema, siku ulipotuambia wewe, ingekuwaje. Akanitazama, akasema, "Nisikudanganye. Tungeokoa kiasi. Kiasi gani, sijui."

Kwa hiyo hilo ndilo ninalokuomba unisamehe, dada yangu. Uliona kutoka huko uliko, kupitia kioo kidogo, kile nilichoshindwa kukiona nikiwa nimekaa naye meza moja. Ukaniambia, nikakufanya mtu wa wasiwasi. Siwezi kukulipa. Sitafuti maneno ya kujitetea, na kama utaona huwezi kunisamehe sasa hivi, nitaelewa.

Kwenye kundi la simu nimeshaandika ukweli wote, pamoja na lile neno. Binamu zetu wamenyamaza. Mmoja tu aliandika "pole", sikujua anampa nani.

Baba mwenyewe, tangu siri imtoke, amekuwa mwepesi. Matone anajitia mwenyewe, hataki kushikwa. Yanamwangukia shavuni, anayalaani, anarudia. Ramani tunaichora pamoja: yeye anataja vipimo akiwa amefumba macho, mimi navuta mistari. Jana alinikaripia kwamba mlango nimeuweka mwembamba, kitanda hakitapita. Nikapima, nikakuta kweli. Siku nyingine amelemewa, anakaa karibu na redio bila kuiwasha, na mimi simsemeshi, nakaa tu hapo.

Anajua kwamba nakuandikia. Ndiye aliyesema nikuandikie habari za macho, maana yeye akikwambia kwa simu utalia, naye atalia, na bando lote litaishia kwenye kilio. Ila ukipiga, tafadhali usianze wewe. Muulize habari za jirani na mbwa wake. Mwache aifikie mwenyewe.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niache kuichanachana hii barua. Daktari alisema ugonjwa huu hupita katika damu, na kwamba watoto wote wa mgonjwa wapimwe, hata wasiosikia chochote, maana wenyewe huanza bila maumivu na bila kubisha hodi. Mimi wamenipima. Nimekutwa salama. Nilipoambiwa hivyo nilishindwa hata kufurahi, niliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

Umebaki wewe. Najua zamu zako, najua utasema wiki ijayo, najua utasema unaona mpaka herufi za mwisho kwenye chupa ya dawa. Baba naye alikuwa anasema anaona. Nakuomba, dada, na wala sikuombi kwa mamlaka ya fundi, maana hayo nimeshayapoteza: ukishaikunja hii barua usikae kunijibu. Nenda ukapimwe kwanza. Waambie presha ya macho, na uwaambie baba yako anayo. Ukitoka huko ndipo unijibu, hata kama ni kwa matusi. Nitayasoma yote, na nitashukuru kwamba umeyaandika kwa macho yako mwenyewe.

Nisalimie sana shemeji, na wapwa zangu uwabusu hata wakikataa. Wifi yako anakusalimu na anasema yuko upande wako katika kila kitu kilichoandikwa hapa. Mwanetu anakutumia hiyo alama ya mate iliyo kwenye kona ya karatasi. Baba anasema kula vizuri na usibebe vitu vizito.

Mungu akutangulie mlangoni kwa daktari, na akutoe na habari njema.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda nikiwa nimeinamisha uso,

Kitindamimba.